Presha ya kifundo cha mguu inasema nini juu ya moyo wa mama?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 63 na anaishi Tanga. Ana kisukari kwa zaidi ya miaka kumi, pamoja na presha anayoitumia dawa. Mwezi uliopita, katika kliniki ya kisukari, walimlaza kitandani wakampima presha ya mikono yote miwili na ya miguu yote miwili kwa kifaa kidogo chenye kutoa sauti. Wameandika kwenye daftari lake: mkono wa kulia 148, mkono wa kushoto 152, mguu wa kulia 124 na 118, mguu wa kushoto 147 na 145, kisha chini yake, kulia 0.82, kushoto 0.97. Ameambiwa kuwa hiyo 0.82 inaonyesha kwamba moyo wake uko hatarini. Yeye hana maumivu ya kifua. Anasema miguu humchoka tu kwa sababu ya uzee. Je, presha ya mguuni inawezaje kutabiri ugonjwa wa moyo? Naweza kumpima mwenyewe nyumbani kwa mashine yetu ya presha? Jirani amemshauri aanze kumeza aspirini kila siku, aanze? Na mimi mwenye miaka 38, nipimwe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waliompima mama yako wamefanya kazi nzuri, na walichomwambia ni sahihi. Namba 0.82 katika mguu wa kulia inaonyesha kwamba ateri zinazopeleka damu kwenye mguu huo zimepungua upana mahali fulani kati ya tumbo na kifundo, na mtu ambaye ateri zake zimeanza kuziba mguuni mara nyingi ana ugonjwa ule ule katika ateri za moyo na za ubongo, hata kama hajawahi kuhisi chochote. Namba hiyo haiwezi kusema lini wala kama atapatwa na shambulio la moyo au kiharusi. Inachosema ni kwamba yumo katika kundi la watu wanaohitaji matibabu yenye nguvu zaidi kuanzia sasa, na sehemu kubwa ya matibabu hayo inapatikana katika hospitali zetu za kawaida.

Nieleze kwanza kipimo chenyewe, maana ukikielewa hutababaishwa na namba. Mtu mwenye afya anapolala chali, presha yake ya juu, yaani ile inayosomwa wakati moyo unapojikaza, huwa kubwa zaidi kwenye kifundo cha mguu kuliko mkononi. Wengi hushangaa, kwa kuwa hudhani nguvu ya damu hupungua kadiri inavyokwenda mbali na moyo. Wastani wa presha hupungua kidogo kweli, lakini kilele cha kila pigo hupanda, kwa sababu ateri huzidi kuwa nyembamba na ngumu zinapoelekea miguuni, na sehemu ya wimbi la pigo hugonga mishipa midogo, ikarudi nyuma na kujumlishwa na wimbi linalokuja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, ambao ulikusanya tafiti 44, ulikuta kwamba kwa watu wa kawaida presha ya juu ya kifundo cha mguu huzidi ile ya mkono kwa wastani wa milimita 17 za zebaki, ilhali presha ya chini haitofautiani. Kwa hiyo mguu unaposoma presha ndogo kuliko mkono, kuna kitu njiani kinachoizuia damu, na kwa kawaida kizuizi hicho huwa kimeshakula karibu nusu ya kipenyo cha ateri au zaidi kabla presha haijashuka mtu akiwa amepumzika.

Presha ya mguu ikitazamwa peke yake, hata hivyo, hupotosha, kwa kuwa hupanda na kushuka pamoja na presha ya mwili mzima. Mtu mwenye 190 mkononi anaweza kusomeka 150 kwenye kifundo, namba ambayo kwa macho ya haraka haina ubaya wowote, kumbe ateri yake imeziba vibaya. Ndiyo maana presha ya mguu hugawanywa kwa presha ya mkono, na huchaguliwa mkono wenye namba kubwa zaidi, kwa sababu ateri ya mkono nayo yaweza kuwa na ugonjwa na kutoa namba ndogo ya uongo. Kwa mama yako mkono huo ni wa kushoto, 152. Ukigawanya 124 kwa 152 unapata 0.82, na 147 kwa 152 inakupa 0.97. Uwiano wa 1.00 hadi 1.40 huhesabiwa kuwa wa kawaida, 0.91 hadi 0.99 uko mpakani, 0.90 au chini yake ni ugonjwa wa ateri za miguuni, na 0.40 au chini yake ni hali nzito inayoweza kuhatarisha mguu wenyewe. Juu ya 1.40 kuna tatizo la aina nyingine, nami nitalifikia.

Huenda umejiuliza kwa nini kila mguu una namba mbili. Kwenye kifundo hupita ateri mbili kubwa, moja nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo na nyingine juu ya wayo, na mpimaji mzuri hupima zote mbili. Ili kutambua ugonjwa hutumika ile kubwa, na ndivyo kliniki ilivyofanya. Ukitumia ile ndogo, mguu wa kulia wa mama yako unakuwa 0.78. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kutumia namba ndogo huwatambua watu zaidi walio katika hatari ya kupatwa na maradhi ya moyo, watu ambao hesabu ya kawaida huwaacha nje. Kwa mama yako tofauti hiyo haibadilishi kitu, kwa kuwa kwa hesabu yoyote mguu wa kulia una ugonjwa, lakini ni vizuri namba zote nne za miguu ziliandikwa, na nakuomba ulitunze daftari hilo.

Kipimo hiki si kigeni. Travis Winsor, tabibu wa Marekani, alieleza mwaka 1950 jinsi presha inavyoshuka katika miguu yenye ateri zilizoziba, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 kifaa cha dopla kilikwishawawezesha madaktari, wakiwemo wa London, kukifanya kando ya kitanda cha mgonjwa. Dopla ndicho hicho kifaa kidogo chenye sauti alichokiona mama yako. Hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, na damu inayotembea huyarudisha yakiwa yamebadilika, kisha kifaa huyageuza kuwa mvumo unaosikika kwa kila pigo la moyo.

Namna kinavyofanywa ina uzito, kwa sababu namba mbaya nyingi hutokana na upimaji wa haraka. Mtu anatakiwa alale chali kwa dakika tano hadi kumi, chumba kisiwe cha baridi, na asiwe amevuta sigara kwa angalau saa mbili. Mkanda hufungwa juu kidogo ya kifundo, hupakwa jeli juu ya ateri, na ncha ya dopla huinamishwa, isisimame wima, mpaka mvumo usikike vizuri. Ndipo mkanda hujazwa upepo hadi mvumo unyamaze, ukaongezwa milimita 20 hivi za zebaki, halafu upepo hutolewa polepole sana, kama milimita 2 kwa sekunde. Pale mvumo unaporudi kwa mara ya kwanza, namba iliyo kwenye mashine wakati huo ndiyo presha ya ateri hiyo. Kwa mguu wenye afya sauti hurudi ikiwa kali na yenye vipande, ikipanda na kushuka upesi. Kwa mguu ulioziba hurudi ikiwa dhaifu na ya kuburuta, na sikio lililozoea hujua hali kabla hata namba hazijagawanywa. Upimaji wa miguu na mikono yote huchukua kama robo saa, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa inayofanya haufanyiki mara nyingi katika kliniki zetu zenye foleni.

Sasa moyo unaingiaje hapa? Utando wa mafuta unaoziba ateri hauchagui mguu. Visababishi vyake, yaani kisukari, presha, kolesteroli, tumbaku, ugonjwa wa figo na umri, hupita katika damu ile ile inayofika kila mahali, na ukuta wa ateri huumia kote. Tofauti ni kwamba ateri za moyo zimefichika ndani ya kifua na kuzichunguza kunahitaji mashine ghali, wakati ateri za mguuni zinafikiwa kwa mkanda wa presha. Mguu, kwa hiyo, unatupa nafasi ya kuuona ugonjwa wa mwili mzima kwa bei nafuu.

Ushahidi mkubwa zaidi ulichapishwa mwaka 2008, pale watafiti wa nchi mbalimbali walipounganisha data za tafiti 16 zilizowafuatilia zaidi ya watu 48,000 ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa wa ateri za moyo. Miongoni mwa wanawake wenye uwiano wa 0.90 au chini, asilimia 12.6 walifariki kwa maradhi ya moyo na mishipa ndani ya miaka 10, wakati kwa wanawake wenye uwiano wa 1.11 hadi 1.40 walikuwa asilimia 4.1. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 18.7 dhidi ya 4.4. Unaweza kusema kwamba wenye miguu mibaya ndio hao hao wazee, wavutaji sigara na wenye presha, na kwamba mguu haukuongeza habari yoyote mpya. Watafiti walilifikiria hilo, na hata walipoondoa kwa hesabu mchango wa visababishi vinavyojulikana, hatari ya kufa kwa maradhi hayo ilibaki takriban mara tatu.

Naomba uzisome namba hizo pande zote mbili. Katika kila wanawake 100 wenye uwiano mdogo, karibu 87 hawakufa kwa maradhi ya moyo na mishipa katika miaka hiyo 10, na wengi wao walifuatiliwa katika zama ambazo dawa za kolesteroli zilikuwa hazijaenea kama sasa. Wanawake hao kwa sehemu kubwa hawakuwa Waafrika, wala hawakuwa wote wenye kisukari, kwa hiyo asilimia yenyewe huwezi kuihamishia kwa mama yako kama ilivyo. Mwelekeo ndio unaohamishika: uwiano mdogo huiongeza hatari ya mtu kwa kiasi kikubwa kuliko vile umri na presha yake vingeonyesha peke yake. Wala ugonjwa huu si wa nchi tajiri tu, maana makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba katika watu wapatao milioni 202 waliokuwa nao duniani mwaka 2010, karibu asilimia 70 waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Chati za Shirika la Afya Duniani za kukadiria hatari ya moyo, ambazo zilitolewa upya mwaka 2019 zikiwa na chati mahususi kwa ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika, hutumia umri, jinsia, sigara, presha ya mkono, kisukari na kolesteroli. Toleo jingine, la mahali pasipo na maabara, hutumia uwiano wa uzito na urefu badala ya vipimo vya damu. Presha ya mguu haimo. Kwa mtu aliyekwisha kupatikana na uwiano wa 0.82, chati hizo hazina kazi kubwa tena, kwa sababu amekwisha kuonyesha kwamba ateri zake zina ugonjwa, na hatuhitaji kukadiria kitu tulichokwisha kukiona.

Kuna jambo moja linalohusu kisukari ambalo ni lazima ulielewe, maana linabadilisha maana ya 0.97 ya mguu wa kushoto. Kisukari cha muda mrefu, pamoja na ugonjwa wa figo, huweka chokaa katika tabaka la kati la ukuta wa ateri za miguuni. Ateri yenye chokaa haikubali kubanwa na mkanda, sawa na bomba la chuma lisivyokubali kubanwa kwa vidole, na hivyo mashine husoma presha kubwa isiyokuwepo ndani ya ateri. Hapo ndipo uwiano hupita 1.40. Utafiti uliofanyika miongoni mwa Wahindi Wekundu wa Marekani, jamii yenye kisukari kingi, ulionyesha mwaka 2004 kwamba wenye uwiano uliozidi 1.40 nao walikufa zaidi, karibu sawa na wale wenye uwiano mdogo. Kwa hiyo namba kubwa si habari njema. Tabu zaidi ni mtu mwenye mambo yote mawili, ateri iliyoziba na iliyo ngumu, kwani moja huivuta namba chini na jingine huipandisha, na matokeo yake yakawa namba inayofanana na ya mtu mzima wa afya.

Kutokana na hilo natoa mambo mawili kwa mama yako. Kwanza, hiyo 0.82 huenda inaficha ubaya, kwa sababu chokaa, kama ipo, imeisukuma juu. Kwa hiyo namba ndogo kwa mtu mwenye kisukari ni ya kuaminiwa kwamba ugonjwa upo kweli, hata kama ukubwa wake umefichika. Pili, hiyo 0.97 isichukuliwe kwamba mguu wa kushoto ni mzima. Kama hospitali ina mkanda mdogo wa kidole, apimwe presha ya kidole gumba cha mguu, kwa kuwa ateri za vidole mara nyingi husalimika na chokaa. Uwiano wa kidole kwa mkono ukiwa 0.70 au chini, kuna ugonjwa. Kama mkanda huo haupo, mguu huo utunzwe kama vile nao unaumwa.

Wapo pia waliouliza kama presha ya mguu iliyo juu mno ina ujumbe wake hata bila kugawanywa. Watafiti wa Finland waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 3,800 waliofika kupimwa moyo kwa mazoezi, na mwaka 2008 wakaeleza kwamba waliokuwa na 175 au zaidi kwenye kifundo walikufa zaidi katika miaka iliyofuata, hata pale presha ya mkono ilipokuwa ya kawaida. Maelezo yenye mashiko ni kwamba ateri zilizokakamaa hujidhihirisha mguuni mapema kuliko mkononi. Mimi naliona jambo hilo kuwa la maana kitafiti, lakini sijaona sababu ya kulifanya kanuni ya kliniki, na namba za mama yako ziko mbali na huko.

Juu ya kumpima nyumbani, nakushauri usifanye hivyo kwa lengo la kufuatilia uwiano huu. Mashine za nyumbani hazisikilizi mvumo wa damu; hukadiria presha kutokana na mtikisiko wa mkanda, na kwenye mguu ulioziba mtikisiko huwa hafifu, hivyo mashine ama husoma namba kubwa kuliko ilivyo, ama huonyesha alama ya kosa. Kosa la pili ni la mkao. Watu wengi hupima mguu mtu akiwa ameketi kitini, na kila sentimita 10 ambazo mkanda uko chini ya moyo huongeza karibu milimita 8 za zebaki kwa uzito wa damu tu. Kifundo cha mtu aliyeketi kiko sentimita 70 hivi chini ya moyo, kwa hiyo namba huongezeka kwa zaidi ya 50, na mguu mgonjwa kabisa utaonekana mzima. Mashine yenu itumieni mkononi, asubuhi na jioni, mama akiwa ametulia kwa dakika tano, na muandike kila namba, kwa sababu presha hiyo ya 152 haijatulia bado na ndiyo mtakayopambana nayo kila siku. Ila kama yuko mtu ambaye mikono yake haipimiki, kwa kukatwa au kwa sababu nyingine, wataalamu wa Uingereza na Ireland walipendekeza mwaka 2020 kwamba 155/90 kwenye kifundo, mtu akiwa amelala, ichukuliwe kuwa sawa na 140/90 ya mkono.

Nirudi kwenye uchovu wa miguu, ambao mama yako ameupa jina la uzee. Muulize kwa utaratibu. Je, unaanza akitembea, hasa akipanda mwinuko au akienda haraka, na si akiwa amesimama tu au ameketi? Je, unashika shavu la mguu, yaani kigimbi, na zaidi wa kulia? Je, akisimama kidogo unaondoka ndani ya dakika kumi, kisha unarudi baada ya umbali ule ule? Akikubali hayo, basi si uzee, ni misuli inayodai damu isiyofika. Watu wengi wenye uwiano mdogo hawana maumivu hayo ya kitabuni kabisa, wengine kwa sababu kisukari kimeua hisia za neva, na wengine kwa sababu, bila kujua, wamepunguza mwendo na safari mpaka hawafiki tena kwenye umbali unaoumiza. Mtu aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu, sasa anapanda bodaboda kwa mwendo wa dakika kumi, hataniambia kwamba miguu inamuuma.

Matibabu hayailengi namba 0.82, yanawalenga moyo, ubongo na mguu wenyewe. La kwanza ni dawa ya kundi la statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002, simvastatini ya miligramu 40 kwa siku ilipunguza mashambulio ya moyo, kiharusi na haja ya kuzibua mishipa kwa karibu robo, na zaidi ya washiriki 6,700 kati ya watu 20,536 walikuwa na ugonjwa wa ateri za miguuni. Leo hupendelewa dozi yenye nguvu zaidi, kwa mfano atorvastatini, kwa lengo la kuishusha kolesteroli mbaya angalau kwa nusu. Mwenye kisukari wa umri wa mama yako alistahili dawa hii hata kabla ya kupimwa mguu. Kama haimo katika dawa zake, hilo ndilo jambo la kumwambia daktari wake kabla ya mengine yote. La pili ni presha ishuke chini ya 130/80 kama mwili wake unalivumilia hilo bila kizunguzungu. Sukari idhibitiwe, na kipimo cha wastani wa miezi mitatu kifanyike. Kama kuna tumbaku ya aina yoyote, ya kuvuta au ya kutafuna, iachwe, na hapa sina lugha laini ya kutumia, kwa kuwa tumbaku huharibu ateri za miguu kuliko karibu kitu kingine chochote. Wapime pia figo, protini kwenye mkojo na umeme wa moyo. Muulizeni kama amewahi kupooza upande mmoja au kushindwa kusema kwa dakika chache kisha akapona, kwa maana watu hulipuuza hilo, nalo ni onyo la kiharusi.

Kutembea ni tiba, si burudani. Kama kigimbi humuuma, atembee mpaka maumivu yawe ya kati, apumzike yaishe, aanze tena, kwa jumla ya dakika 30 hadi 45, mara tatu au zaidi kwa wiki, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Maumivu hayo hayaharibu mguu. Lakini kwanza daktari athibitishe kwamba hana kidonda na kwamba moyo wake unaruhusu.

Aspirini asianze kwa ushauri wa jirani. Najua inauzwa kwa bei ndogo katika kila duka la dawa, na hilo linaifanya ionekane haina madhara. Huko Scotland walipimwa zaidi ya watu 28,000 wasiokuwa na maradhi ya moyo yanayojulikana, na 3,350 kati yao waliokuwa na uwiano mdogo walipewa aspirini ya miligramu 100 au kidonge kisicho na dawa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2010 hayakuonyesha kwamba aspirini iliwaepusha na mashambulio. Utafiti mwingine wa Scotland, wa mwaka 2008, uliwahusu wenye kisukari hasa, na jibu lilikuwa lile lile. Kutokwa damu tumboni, kwa upande mwingine, ni madhara ya kweli. Hali hubadilika kama uchovu wa mama yako utathibitika kuwa dalili ya ateri iliyoziba, kwani kwa mtu mwenye dalili dawa ya kuzuia chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoanzisha kuganda, zisigandane hupendekezwa. Uamuzi huo ni wa daktari aliyemwona, aliyemuuliza kuhusu vidonda vya tumbo na aliyeona dawa nyingine anazomeza.

Jambo ambalo linanihuzunisha kuliko yote katika kazi hii ni miguu inayopotea kwa kidonda kidogo. Mguu wenye damu pungufu na hisia pungufu hauponi upesi na hauulalamikii mwiba. Mama yako asikandwe miguu kwa maji ya moto wala asiiote kwenye jiko, hata kama inahisi baridi, kwa kuwa anaweza kuungua bila kujua. Asitembee peku, hata uani. Kila jioni wewe au mtu mwingine nyumbani aikague nyayo zake na katikati ya vidole kwenye mwanga mzuri. Soksi za kubana zinazouzwa kwa ajili ya uvimbe asizivae bila kwanza daktari kuziona namba hizi. Kidonda kisichoonyesha dalili ya kupona ndani ya wiki mbili, kidole kinachogeuka cheusi, au maumivu ya wayo usiku yanayotulia akiushusha mguu kitandani, vinataka hospitali ya mkoa au ya rufaa bila kusubiri siku ya kliniki. Mguu unaokuwa baridi, mweupe na wenye maumivu makali kwa ghafla ni dharura ya saa chache, na hapo safirini usiku huo huo hadi mahali penye daktari wa upasuaji wa mishipa.

Kuhusu kurudia kipimo, mara moja kwa mwaka inatosha kama hakuna dalili mpya. Namba hutofautiana kidogo kati ya siku na siku na kati ya mpimaji na mpimaji, kwa hiyo ikisomeka 0.77 mwakani msiogope, na ikisomeka 0.88 msisherehekee, mabadiliko ya zaidi ya 0.15 ndiyo yanayobeba maana.

Na wewe, kwa miaka 38 bila kisukari na bila dalili, huhitaji kupimwa mguu. Jopo la kitaalamu la Marekani linaloshauri juu ya uchunguzi wa afya lilieleza mwaka 2018 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza kipimo hiki kwa watu wazima wote wasio na dalili, nami nakubaliana nalo. Nchini Denmark wanaume wa miaka 65 hadi 74 walipimwa miguu, mshipa mkuu wa tumboni na presha kwa pamoja, na vifo vilipungua kwa asilimia 7, lakini haiwezekani kujua ni kipimo kipi kati ya hivyo kilichowaokoa. Wanaofaidika zaidi ni wenye miaka 65 na kuendelea, wenye miaka 50 na kuendelea wenye kisukari, presha, kolesteroli nyingi au historia ya sigara, na walio chini ya miaka 50 wenye kisukari pamoja na kisababishi kingine. Wewe pima presha ya mkono na sukari mwaka huu, kwa kuwa una mzazi mwenye vyote viwili, na ukigundulika na kisukari, basi utakapofika miaka 50 waombe wakulaze kitandani nawe wakupime miguu.